Tarakimu ya Tano

Siku hiyo Mzee Wembe aliingia jikoni, akasimama katikati ya sakafu huku mikono ikining'inia, asijue kilichomleta. Alitazama birika, akatazama kabati, akatazama dirisha, wala hakuna hata kimoja kilichomsaidia. Akarudi ukumbini, na alipokikaribia kiti chake akakumbuka: miwani. Akageuka. Njiani binti yake, aliyekuwa ameinamia cherehani, akamuuliza kama mvua imeanza. "Bado, mwanangu," akajibu, na alipovuka kizingiti cha jikoni miwani ilikuwa imekwisha mtoka tena kichwani.

"Unatafuta nini, baba?"

"Sitafuti kitu. Nanyoosha miguu."

Binti yake hakubishana naye. Baadaye aliikuta miwani kando ya mkebe wa sukari, akamwekea babake mapajani, kisha akarudi kwenye mapazia yake.

Mzee Wembe alikuwa kinyozi. Sehemu kubwa ya maisha yake aliimaliza katika duka la viti viwili mkabala na posta, na sifa ya mkono mwepesi ilimtangulia kila alikokwenda. Watu walisema angeweza kumnyoa mtoto aliyelala na mtoto asiamke. Jina la Wembe alipewa na wateja, likamganda mpaka mkewe mwenyewe akawa analitumia. Mkewe alipofariki, na magoti yalipoanza kugoma, aliviuza vile viti akahamia kwa binti yake aliyekuwa akishona mapazia nyumbani. Mkwewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na pale nyumbani alikuwa mgeni kuliko wageni. Kwa hiyo mara nyingi walikuwa wawili tu, baba na binti, na cherehani kati yao.

Kulikuwa na hofu ambayo Mzee Wembe hakumwambia mtu. Kaka yake mkubwa, fundi viatu, alianza hivi hivi, kwa kusahau vitu vidogo vidogo. Akaishia kumwita mkewe "mama" na kuwauliza wanawe ni watoto wa nani. Mzee Wembe ndiye aliyekuwa akienda kumnyoa. Mara ya mwisho alipomaliza, kaka yake alimpa mkono kwa adabu, akamshukuru kama mtu amshukuruvyo fundi asiyemfahamu, akamuuliza duka lake liko wapi ili siku nyingine aje. Mzee Wembe alimwelekeza. Alipofika nje alishika ukuta kwanza ndipo akaweza kutembea.

Basi binti yake alipomwambia kwamba chuo kinatafuta watu waliovuka miaka sitini wapimwe kumbukumbu, alinyanyua nyusi.

"Nani amekwambia kumbukumbu yangu ina kasoro?"

"Hakuna aliyesema, baba. Ni utafiti. Wanataka kujua kama mtu mzima akirudia zoezi lile lile wiki baada ya wiki, kichwa kinaongeza nafasi. Mwishoni kuna daktari anayewaangalia wote."

Neno la daktari ndilo lililomvuta, ingawa alisema anakwenda kwa ajili ya chai.

Wapimaji walikuwa katika jengo la nyuma ya maktaba, ghorofa ya chini, mwisho wa ujia mrefu uliopakwa rangi ya kijani hafifu. Kulikuwa na benchi moja la mbao, na mlango. Ndani ya mlango, meza, viti viwili, na pazia zito ambalo upindo wake ulikuwa umepinda. Mzee Wembe akajiambia atamsimulia binti yake. Mtafiti alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya upole na nywele zilizonyolewa fupi, kwa usawa mzuri pande zote, jambo lililompa mzee imani.

"Shikamoo, babu. Nitakusomea tarakimu, moja moja. Nikinyamaza, unirudishie kama nilivyozisoma."

Tatu za kwanza zilikuwa mchezo. Nne pia. Kisha akasomewa tano. "Saba, mbili, tisa, nne, moja."

"Saba, mbili, tisa," alisema Mzee Wembe. Ya nne ilikuja ikijikokota. Ya tano aliisikia ikiondoka, kama mtu asikiavyo mlango ukifungwa chumba cha pili. "Nne... halafu basi."

Wakajaribu tena, na tena ya tano ikamponyoka. Alipoambiwa azirudishe kinyumenyume, kuanzia ya mwisho hadi ya kwanza, jasho likamtoka kwenye kidevu.

"Nimefeli, mjukuu wangu?"

"Humu hakuna kufeli." Mtafiti aliweka karatasi chini. "Kuna kumbukumbu ya ghalani, babu, na kuna ya mkononi. Ghalani ndiko liliko jina la mama yako, na njia ya kwenda dukani kwako, na jinsi ya kunoa wembe. Hiyo yako sijaigusa. Ninayopima ni ya mkononi, ile ya kushikilia kitu muda mfupi tu wakati unakitumia. Hiyo ni ndogo kwa kila mtu, hata kwangu. Usipokirudia kile ulichoshika kinateleza. Na ukiletewa kingine ghafla, cha kwanza kinakuponyoka."

Mzee Wembe alifikiria. "Kama ile rafu chini ya kioo. Kitana, mkasi, mashine, brashi. Ukiongeza chupa ya spiriti, kimoja kinakwenda chini."

"Karibu hivyo."

"Na rafu ya mtu huwa inapungua?"

"Kwa umri, kidogo, ndiyo. Kama ni zaidi ya umri, hilo si la kwangu kusema. Daktari atakuona tukimaliza."

Alitoka akiwa amebeba jibu hilo kama mtu aliyepewa bahasha iliyofungwa. Pale kwenye benchi alikuwa ameketi mwanamke wa rika lake, fimbo katikati ya magoti, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo.

"Umeangukia ya ngapi?" aliuliza, bila hata salamu.

"Ya tano."

"Usihuzunike. Aliyekutangulia aliangukia hapo hapo, akatoka akiilaumu sauti ya binti wa watu." Akamsogezea nafasi. "Mimi wananiita Bi Laini. Wengi hudhani ni kwa sababu ya upole wangu."

"Kumbe si kwa upole?"

"Nilikuwa kwenye mitambo ya simu. Ule wakati wa kupiga na kuomba uunganishwe. Laini za mji mzima zilipita mikononi mwangu. Upole ulikuwa wa wenzangu."

Mzee Wembe alicheka, akashangaa kwamba amecheka, kwa maana dakika chache tu zilizopita alikuwa akimuwaza kaka yake. Akamwambia kazi yake.

"Kinyozi," alisema Bi Laini, akimtazama. "Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wewe umezinyoa za watu maisha yako yote, sasa unashangaa zako zinakwenda wapi."

Tangu hapo kila Jumanne walikutana penye benchi lile, maana zamu zao zilifuatana, na mmoja alimsubiri mwenzake. Walizungumza kama watu waliokuwa na maneno ya akiba. Mzee Wembe alimsimulia habari za marehemu mkewe, jinsi mkewe alivyokuwa akimwachia redio ikiwaka dukani ili yeye asijione mpweke. Bi Laini hakuwahi kuolewa. Alisema alikuwa amesikia ugomvi wa wanandoa wengi mno kwenye zile waya. Aliishi na mpwa wake wa kike mwenye watoto watatu, nyumba iliyojaa kelele, na Jumanne ndiyo siku yake ya kupumzisha masikio.

Siku moja, alipomwona anatoka tena na uso ulioshuka, alimgusa mkono kwa ncha ya fimbo.

"Unazichukuaje hizo tarakimu?"

"Nazichukua kama zinavyokuja. Moja moja."

"Ndiyo maana. Hakuna mtu anayebeba mchele punje punje. Zifunge mafungu. Ukisikia saba, mbili, tisa, usiseme ni tatu. Hilo ni fungu moja, mia saba ishirini na tisa, liweke pembeni. Kisha fungu la pili. Mkono wako una nafasi nne? Basi weka mafungu manne, si punje nne. Sisi kule kwenye mitambo tungezibeba moja moja, mji huu usingezungumza."

Wakafanya mazoezi pale pale, yeye akitaja, Mzee Wembe akirudisha kwa mnong'ono huku akifunga macho. Mara mbili walicheka hadi mtu wa ofisi ya jirani akachungulia. Wiki iliyofuata wakarudia. Na Mzee Wembe alipoingia chumbani siku hiyo na kusomewa tano, akazirudisha. Sita, akazirudisha. Saba, akafumba macho, akazirudisha zote, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mtu anayetaja majina ya wanawe.

Mtafiti aliinua macho. "Babu, umefanyaje?"

Angeweza kunyamaza. Lakini Mzee Wembe alikuwa mtu ambaye akimkwaruza mteja nyuma ya sikio humwambia kabla damu haijaonekana.

"Nimefundishwa. Hapo nje, na Bi Laini."

Mtafiti alicheka kwanza, kisha akashusha pumzi. Hakukasirika. Alimweleza polepole kwamba njia ile ya mafungu ni nzuri na inajulikana, ila wao wanataka kuona mazoezi ya mle chumbani peke yake yanafanya nini. Mtu akifundishwa nje, hawatajua kipi kimefanya kazi. Matokeo ya siku ile ingebidi yawekwe kando. Na ili jambo hilo lisijirudie, bibi angehamishiwa Alhamisi.

"Mimi ndiye niliyekosa," alisema Mzee Wembe. "Nihamisheni mimi."

"Ni mamoja tu, babu. Mmoja Jumanne, mmoja Alhamisi."

Alipotoka, Bi Laini alikuwa amekwisha itwa kwa mlango mwingine kupimwa macho, na gari alilokuja nalo binti yake lilikuwa nje linasubiri. Hakumuaga. Hakujua anaishi mtaa gani. Alikuwa na simu, aliyonunuliwa na mkwewe, lakini haikuwa imemjia kuomba namba. Nani anaomba namba ya mtu atakayemwona Jumanne?

Jumanne ikaja, na benchi lilikuwa benchi tu. Alisomewa tarakimu akazirudisha, lakini bila ladha. Alipomaliza alizunguka zunguka na kofia yake.

"Taarifa za washiriki siwezi kukupa, babu," alisema mtafiti kabla hajaulizwa. "Hata baba yangu nisingempa."

"Sijaomba taarifa. Nauliza kama hajambo."

"Hajambo." Mtafiti alipanga karatasi zilizokuwa zimekwisha pangwa. "Naye aliuliza hivyo hivyo."

Maneno hayo manne Mzee Wembe hakuyasahau, si jikoni, si ukumbini, si popote. Alikaa nayo siku nzima, akakaa nayo kesho yake. Alhamisi asubuhi binti yake alimkuta mbele ya kioo, povu hadi masikioni.

"Kinyozi hajinyoi, baba. Na leo si Jumanne."

"Najua leo ni siku gani."

Binti alimtazama kwa muda, sindano mdomoni. Kisha akaitoa. "Basi vaa lile shati la bluu. Hilo kola yake imechoka."

Alifika mapema, akaketi. Mlango ulikuwa umefungwa na sauti ya mtafiti ilisikika kwa mbali ikihesabu. Alisimama, akatembea hadi mwisho wa ujia, akarudi, akatembea tena. Hatimaye mlango ulifunguka na Bi Laini akatoka. Alitembea akitazama sakafu. Akajibwaga kwenye benchi, fimbo ikaanguka, asiiokote.

Mzee Wembe alirudi kutoka mwisho wa ujia, akaiokota, akaketi kando yake.

"Umeangukia ya ngapi?"

Hakushtuka. Aliigeuza shingo taratibu. "Ya nne," alisema. "Mimi, niliyekuwa nabeba namba ya anayepiga na namba ya anayepigiwa huku nikimjibu wa tatu. Ya nne."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Ni huu ujia wenu. Kila nikishika fungu la kwanza nasikia nyayo, nasema labda ni huyo. Masikio yanakwenda mlangoni. Nikirudi, fungu halipo."

Mzee Wembe alitazama viatu vyake, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikipita pale. "Nyayo za nani hizo?"

"Usinichoshe, mzee."

 Baadaye mtafiti alitoka, akawaona, akasimama. Mzee Wembe alimwambia amekuja kusalimia tu, hakuna tarakimu itakayotajwa. Mtafiti alisema kwamba kichwa chenye wasiwasi hushikilia vitu vichache kuliko kilichotulia, kwa sababu wasiwasi nao unachukua nafasi mle mle. Hilo wangelipima tena wiki ijayo, bibi asiumie. Kisha akarudi ndani, akaufunga mlango kwa upole kuliko kawaida yake.

"Nikitaka kukusalimia siku nyingine," alisema Mzee Wembe, "nisije nikakuharibia hesabu, nafanyaje?"

"Unapiga simu, kama watu."

"Simu nimeiacha nyumbani."

Bi Laini alivaa miwani, akamtazama kama fundi anayekagua kazi. Kisha akaitaja namba yake, kwa mafungu, mara moja tu, kwa sauti iliyonyooka ya kazini. Mzee Wembe alifumba macho, akairudisha. "Sasa nenda," alisema Bi Laini. "Usizungumze na mtu."

Alikwenda. Alitembea akiinong'ona, fungu kwa fungu, kofia mkononi. Jirani aliyekuwa akiosha baiskeli alimwamkia, na Mzee Wembe, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alimjibu kwa kichwa tu. Muuza magazeti alimpigia kelele kuhusu mechi, akampita. Binti yake alifungua mlango, akafungua na mdomo, naye akanyanyua kiganja kumzuia. Binti alielewa upesi. Alichukua simu mezani, baba akataja, yeye akabonyeza.

Ilipokelewa na mwanamume mwenye sauti nzito aliyesema kwamba mafriji hatengenezi tena, sasa ni majiko tu.

Mzee Wembe alikaa kitako. Binti yake akasogeza kiti. "Mafungu mangapi, baba?"

"Manne."

"Lipi huna hakika nalo?"

Akayapitia kwa vidole. La kwanza lilikuwa imara. La pili pia. La nne alilisikia kabisa kwa sauti yake, likishuka mwishoni. La tatu ndilo alilokuwa akilinong'ona jirani alipomwamkia. "Labda nimeligeuza," alisema. "Jaribu tarakimu zake mbili, ya nyuma iwe mbele."

Binti alibonyeza tena. Simu iliita mara mbili, na upande wa pili, nyuma ya kelele za watoto watatu, Bi Laini akasema, "Umechukua muda."

Utafiti uliisha msimu wa mvua ulipokuwa ukiisha. Daktari alimwona Mzee Wembe kwa kituo, akamuuliza maswali mengi, akamwambia achore uso wa saa na mishale yake, akazungumza na binti yake pia. Mwishowe akasema haoni dalili za ugonjwa uliompata kaka yake. Anaona mtu aliyezeeka, na arudi mwaka ujao waangalie tena. Hakuapa wala hakuahidi. Mzee Wembe alimshukuru. Njiani alimsimulia binti yake kuhusu kaka yake na ule mkono wa mwisho, habari ambayo hakuwahi kuitoa mdomoni, na binti alimshika mkono mpaka nyumbani.

Kusahau hakukuisha. Aliendelea kuingia jikoni na kutoka mikono mitupu, ila sasa alisema wazi, "Mwanangu, nimekuja kuchukua nini?" na binti kutoka kwenye cherehani akamjibu, kama alijua.

Jumapili moja Bi Laini alikuja na mpwa wake. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka siku hizo, alisema, na nywele zimemshinda. Saluni wanamvuta kichwa kama wanang'oa muhogo.  Mzee Wembe aliingia ndani, akatoka na mkasi, kitana, taulo safi. Wakamketisha barazani, palipo na mwanga. Mpwa na binti waliachwa ukumbini na mapazia, wakinong'ona na kucheka juu ya jambo lao.

Alianza nyuma, kwenye shingo, pale nywele zilipokuwa laini na nyeupe kabisa. Mikono yake haikuuliza njia. Alikwenda polepole, akiinamisha kichwa chake kila upande ili aone usawa, na Bi Laini alifumba macho. Walizungumza kidogo: magoti, watoto wa mpwa wake, mtafiti aliyewatumia salamu. Kisha mtu akapita barabarani akawaamkia, Mzee Wembe akaitikia, na aliporudia kazi yake akasimama, mkasi hewani.

Alitazama kulia, akatazama kushoto. Hofu ile ya zamani ilipiga hodi.

"Bi Laini," alisema. "Nilikuwa upande gani?"

"Kushoto," alijibu, bila kufumbua macho. "Juu ya sikio. Ulikuwa hujalimaliza."

"Asante."

Akalikunja sikio lake taratibu kwa kidole, akaendelea.